Misumari Iliyopita Motoni

Pikipiki ikipata pancha porini, dereva hulaani bahati yake. Ikipata pancha karibu na kibanda cha mziba pancha, humlaani mziba pancha. Ndivyo ilivyokuwa pale mteremkoni msimu ule wa mvua. Karibu kila siku alikuwapo mtu anayesukuma pikipiki kuelekea kwa fundi, jasho linamtoka, na matusi yanamtoka zaidi ya jasho.

Kobe hakuwa mtu wa matusi. Jina hilo alipewa na madereva wenzake kijiweni, na wala si kwa uvivu. Aliushuka mteremko ule taratibu kama aliyebeba trei ya mayai, na hakuwahi kumwangusha abiria hata mara moja. Walimcheka, lakini wake zao waliposhikwa na uchungu ni yeye waliyemtafuta. Akisema jambo kijiweni lilisikilizwa, maana hakuwa na mazoea ya kusema.

Siku tairi lake la nyuma lilipokaa chini, aliisukuma pikipiki mpaka kibandani kama wengine. Fundi alikuwa mzee wa mikono mipana, mtani kupita kiasi, naye alimpokea kwa kumuuliza kama leo ameamua kuibeba nyumba yake mgongoni. Alilibandua tairi kwenye rimu, akautoa mpira wa ndani, akaujaza upepo na kuuzamisha kwenye beseni la maji mpaka mapovu yakaonyesha tundu lilipo. Kisha akapitisha vidole ndani ya tairi polepole, akaukuta msumari, akauvuta kwa koleo. Hakuutupa. Aliushika ncha mbili, akaukunja, nao ukakunjika bila ubishi.

"Msumari mzima haukunjiki hivi," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Huu umepita motoni. Yote ninayoitoa siku hizi iko hivi, myeusi, milaini."

Akamwonyesha kopo lililojaa misumari ya aina hiyo, ambayo alikuwa akiiweka ili aje awauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Akaeleza kwamba maneno yanayosemwa kijiweni yamemfikia: eti anaimwaga misumari barabarani usiku ili apate kazi asubuhi. Alicheka kidogo, lakini mikono yake ilikuwa imesimama, na mikono ya mzee yule haikuwa na kawaida ya kusimama. Akamsihi Kobe awaambie wenzake wamtafute mtu anayechoma mbao zenye misumari na kumwaga majivu njiani. Yeye mwenyewe akisema, wataona anajitetea.

"Wewe watakusikia, mwanangu."

Kobe akaitikia. Hakuhitaji kumtafuta mtu huyo. Alikuwa mama yake.

Mama alikaa pale juu kwenye kona, mteremko unapoanzia. Alikuwa akichemsha maharage kwenye masufuria makubwa na kuyauza, na mkaa ulipomshinda akageukia mbao za nyumba zilizobomolewa ng'ambo, mbao za paa, zilizojaa misumari kila upande. Mbele ya nyumba yao palikuwa na dimbwi la tope ambalo siku moja lilimtelezesha mwanawe mpaka akachubuka goti. Tangu siku hiyo, kila asubuhi mama aliyazoa majivu ya usiku na kuyamwaga kwenye tope lile, akalikanyagakanyaga mpaka likashikana. Madereva walikuwa wakipita na kumshukuru. Misumari ilibaki majivuni, mvua ikaichukua, na mteremko ukaipeleka ilikokwenda.

Alichopanga Kobe kilikuwa chepesi. Angemwambia mama aache, kisha angesimama kijiweni na kukiri kwamba kosa limetoka nyumbani kwao, na lilitokana na wema. Wangemtania wiki nzima, mama angewapa maharage ya bure, mambo yangekwisha. Na kweli yangekwisha. Siku moja tu mapema, yangekwisha kwa kicheko.

Alipofika kijiweni aliwakuta wote wamesimama, hakuna aliyekaa kwenye pikipiki yake. Muda mfupi kabla, mdogo wa mwenyekiti wa kijiwe, kijana ambaye bado walikuwa wakimwita Bwana Harusi, alikuwa akishuka mteremko na abiria. Tairi la mbele likatoka upepo ghafla, pikipiki ikayumba upande wa lori lililokuwa likipanda. Abiria alitupwa mtaroni, akavunjika bega. Bwana Harusi hakutupwa mtaroni.

Mwenyekiti alikuwa ameshika kipande cha tairi. Msumari ulikuwa bado umo. Hakuwa analia, na afadhali angelia. Alisema neno moja tu, "Twendeni," na hakuna aliyeuliza wapi.

Kobe alikwenda nao. Njia nzima maneno aliyotumwa yalikuwa kinywani mwake, tayari, yamepangika: misumari imeungua, mtafuteni anayechoma mbao. Lakini maneno yale sasa yalikuwa na njia moja tu ya kwenda, nayo ilipanda mteremko mpaka kwenye masufuria ya mama. Aliwatazama wenzake, watu aliokula nao na kuzikana nao, akaona kwamba siku hiyo wasingemsikiliza mtu akiwaeleza kuhusu wema. Akaufyata ulimi.

Fundi alikuwa ameinama juu ya gurudumu la baiskeli. Hawakumsalimu. Mmoja aliingia kibandani, akatoka na kopo la misumari, akalimwaga miguuni pa mwenyekiti, na hapo kesi ikawa imekwisha. Mzee alijaribu kueleza kwamba hiyo ni misumari aliyoitoa kwenye matairi yao wenyewe. Wakamwuliza tangu lini mtu akaweka akiba ya uchafu. Akamwona Kobe kule nyuma, akitokeza kichwa juu ya wengine, na uso wake ukapata nafuu.

"Kobe, waambie. Si nilikwambia?"

Wote wakageuka. Mwenyekiti naye akageuka, akamtazama kwa macho mekundu, akamwuliza kama anajua lolote.

"Mimi sijui," alisema Kobe.

Waliyavuta yale mavyuma ya kubandulia matairi, ya mzee mwenyewe, wakamlaza mikono juu ya jiwe alilozoea kukalia. Walisema mikono inayopanda misumari isipande tena. Kobe hakumshika, hakumpiga, na hakuondoka. Aliona aibu kuondoka. Mzee alipiga kelele mwanzoni, kisha akanyamaza akawa anamtazama yeye tu, si kwa hasira, bali kama mtu ambaye bado anasubiri jibu. Polisi walikuja baadaye na kuuliza maswali. Watu wote wa mtaa ule, kwa bahati ya ajabu, walikuwa wametazama upande mwingine.

Nyumbani, Kobe alimwambia mama kwamba watu wa barabara wamekataza majivu, atakayekutwa atatozwa faini. Mama akasikitika, akauliza basi mwanawe atapitaje pale penye tope. Akajibu kwamba atapita. Kila alipopata nafasi aliuteremka mteremko kwa miguu, kichwa chini, na kipande cha sumaku alichokitoa kwenye spika mbovu, akiiokota misumari mmoja mmoja. Waliomwona walidhani anamlilia Bwana Harusi, wakampa pole. Mama alimwekea fundi chakula kila siku na kumtuma mwanawe akipeleke. Alikuwa akisema watu wamekuwa wanyama, hivi mzee kama yule wanamvunja mikono kwa dhana tu. Kobe alikipokea chakula, akakiacha kwa jirani wa fundi, hakuingia ndani.

Basi pancha zikakoma.

Hilo hakulifikiria. Alikuwa akiokota misumari ili asife mtu mwingine, naye huku, bila kujua, alikuwa akimpigilia mzee wa watu hatia. Kijiweni wakaanza kuulizana: umeona? Tangu tumtie adabu, nani kapata pancha? Hata waliokuwa na mashaka, hata wawili watatu waliokosa usingizi baada ya siku ile, sasa walilala vizuri. Walimtaka Kobe naye aseme. Akasema ni kweli, zimekoma.

Ndipo mke wa fundi alipokuja kununua maharage. Mama alimkaribisha, akamwita mdogo wangu, akamwekea kigoda. Kobe alikuwa akifunga mnyororo wa pikipiki pembeni, hakupata pa kujificha. Mgeni alizungumza chini chini, huku akivutavuta ncha ya kanga yake. Alisema amemvisha mumewe, amemlisha, amemfuta, na hayo hayamsumbui. Kinachomsumbua ni kingine.

"Aliniapia kwamba si yeye, na nikamwamini. Sasa nasikia pancha hakuna tena. Dada, nalala na nani mimi?"

Mama alimwambia asisikilize maneno ya watu. Mke wa fundi akajibu kwamba si maneno, ni barabara yenyewe. Alisema jana amemtaka mumewe aseme ukweli, awe na amani, naye akageukia ukutani na kugoma kula. Kobe alishindwa kuvumilia, akaingia chumbani. Alikaa kitandani akalia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe.

Misumari ilikuwa mvunguni, ndani ya ndoo ya rangi. Aliwaza jambo ambalo mtu mwenye akili timamu halitamani, lakini kila alivyoligeuza aliliona lina maana. Pancha zikirudi, na mzee amelala na mikono iliyofungwa, nani atasema ni yeye? Mama atakuwa salama, mzee atakuwa msafi, na mke wake atamwamini tena. Akachagua mahali kwa uangalifu: si mteremkoni, bali pale kwenye tambarare ya kuingilia kijiweni, ambapo pikipiki huja karibu zimesimama na pancha haimuui mtu. Mvua kubwa ya mchana ilipowakusanya wote chini ya mabati ya duka, alipita peke yake na koti la mvua, mkono mfukoni. Akafungua vidole. Hakuna aliyemwona.

Mvua ilipokata, wa kwanza kupata pancha alikuwa mwenyekiti mwenyewe, kisha wengine wawili. Kobe aliwasogelea. Alikuwa amekariri la kusema, na alilisema bila kutetereka: basi hakuwa mzee, tulimwonea. Kwa kitambo kidogo aliona kwamba limewaingia. Mmoja alitazama chini. Mwingine alisema, hata mimi moyo wangu ulikuwa unakataa.

Mwenyekiti alikuwa ameuvuta ule msumari, anauzungusha kiganjani. Ulikuwa mweusi. Alimkumbuka mdogo wake, ilionekana usoni, na huzuni ile ilitaka mtu wa kumwangukia.

"Ni mke wake," alisema. "Si alipita hapa na kibakuli cha maharage? Analipiza kwa ajili ya mumewe."

Hakuna aliyebisha. Yule aliyetazama chini akainua kichwa, na Kobe akaona jinsi alivyofarijika, maana ikiwa ni mke, basi hata mara ya kwanza alikuwa ni mume, na usiku wangeendelea kulala. Wakaanza kupanda pikipiki zilizokuwa nzima, wawili wawili. Mwenyekiti akapanda nyuma ya mmoja wao, na chuma cha kubandulia matairi mkononi.

Kobe aliiwasha yake, akawatangulia, akaiweka katikati ya njia, ubavu kwao, akaizima. Wakampigia honi apishe. Hakupisha. Alishuka, akautia mkono mfukoni mwa koti la mvua, akautoa umejaa misumari iliyosalia, akaufungua mbele yao. Akajikaza kisabuni.

"Ni yangu," alisema. "Ya leo na ya siku zote. Mzee hakujua lolote, wala mkewe."

Walidhani ni masihara, kisha wakaona uso wake. Mwenyekiti aliteremka. Alimjia karibu, karibu kabisa, akamwuliza kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeumia kwa namna mpya, kwa nini afanye hivyo, yeye, Kobe, aliyeshika jeneza la mdogo wake.

 Hilo Kobe hakuwa amelipanga. Akatazama juu kwenye kona, moshi ulikuwa ukipanda kutoka kwenye masufuria ya mama, na akayaondoa macho haraka kabla mtu hajayafuata.

"Nilitaka tu," alisema.

Nyuma ya mwenyekiti, pikipiki zikaanza kuzimwa, moja baada ya nyingine.