Kibuyu cha Nasieku

Nilikisugua kwa sabuni na waya wa sufuria, nikakianika juani, nikangoja kusifiwa. Kilikuwa kibuyu cha maziwa cha mama mkwe wangu wa Kimaasai, Nasieku, alichopewa na mamake siku alipoolewa. Mimi Mkamba niliyelelewa katika ploti za Kitengela ningejuaje kwamba ule weusi wa ndani si uchafu, bali ni moshi wa miaka unaotia maziwa ladha? Nasieku alikinusa, akakiweka chini, akaingia nyumbani. Hakunifokea. Heri angenifokea.

Tangu siku hiyo hakunywa maziwa kutoka mkononi mwangu. Nikimpelekea kikombe, ameshiba. Ameshiba saa kumi na mbili asubuhi!

Nilimpigia simu mume wangu, Ledama, anayefanya kazi Magadi na kurudi mwisho wa mwezi.

"Nunua kibuyu kingine," akasema. "Tafuta oloirien, ule mzeituni wa msituni. Choma kijiti, ingiza kikiwaka, sugua, pangusa. Kila siku, Ndanu. Si wiki moja."

Hayo maneno ya mwisho yalinichoma kuliko moto wenyewe, kwa sababu ananijua. Nilianza ususi nikaacha. Kompyuta nikaacha. Kwaya niliiacha kabla sare hazijashonwa.

Nilinunua kibuyu sokoni Kajiado. Wiki ya kwanza nilibabuka vidole, na maziwa yakawa na ladha ya jivu tupu. Nilikitupa kile kijinga cha moto mara tatu kwa hasira, na mara tatu nikakimbia kukiokota, maana kilikuwa kinaunguza nyasi. Lakini kila asubuhi, baada ya kukama, nilijaza kibuyu maziwa na kukiweka mlangoni kwa Nasieku. Kesho yake nakikuta vilevile, kimejaa. Nayanywa mwenyewe, nakisafisha, naanza upya.

Iliniuma, sitaficha. Kuna siku nililia huku nasugua.

Hata sijui ni lini mkono ulituliza mwendo. Kijinga ukikiharakisha kinazimika, kwa hiyo nilijifunza kukaa nikingoja kishike. Nikaanza kukaa hivyo hata penye mambo mengine. Milango ya nyumba yangu ikapumzika kubamizwa.

Mwezi wa saba nikashikwa na malaria. Asubuhi moja nilijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Nikajiambia, basi, na hili pia nimeliacha. Nililala nimegeukia ukuta, nikiwa na huzuni ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa ususi wala kwaya.

Kisha nikasikia harufu ya moshi wa oloirien. Nikajivuta nikishikilia ukuta hadi mlangoni. Nasieku alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, kibuyu changu katikati ya magoti yake, akizungusha kijinga ndani.

"Maziwa ya jana iko wapi, mama?" nikamuuliza.

"Nimekunywa. Yote. Ilikuwa mzuri." Hakuinua macho. "Wewe leo lala. Hii siku nitakushikia."

Nilitaka kusema ashe, asante ya kwao, nilitaka kuomba msamaha kwa kile kibuyu cha mamake. Badala yake nikakitazama kibuyu kilivyoinama, na maneno mengine yakanitoka mdomoni.

"Mama, hapo chini moto haijafika."

Akasimamisha mkono. Akachungulia ndani, kisha akanitazama usoni. Akasogea ukingoni mwa kigoda, akaniachia nafasi, akaninyooshea kijinga.