Pikapu Yenye Mtu Nyuma

Bustani alilipiga teke gurudumu la mbele, kisha la nyuma, kama wafanyavyo wanaume wote wasiojua injini. Akaizunguka pikapu nyeupe, akainama kutazama uvunguni, akainuka, akaitazama simu yake ambayo ilikuwa ikilia tangu asubuhi. Mpigaji alikuwa mteja wake, mama wa nyumba ya kona, akilalamika kwamba nyasi zimekua hadi mbwa wake haonekani tena, anasikika tu.

Mvua zilikuwa zimekolea, na nyasi hazina subira. Gari la zamani lilikufa njiani wiki iliyopita, na tangu hapo Bustani, ambaye jina hilo alipewa na wateja akalipenda kuliko lake la kuzaliwa, hakuweza kukaa kitini akamaliza kikombe cha chai. Sasa alikuwa kwenye yadi ya magari yaliyotumika pamoja na mkewe na kaka wa mkewe, na vifaa vyao vyote vya kazi wamevileta kwa mkokoteni ili wavipimie kwenye gari kabla ya kulipa. Hakuna aliyetulia. Mkewe alihamisha mkoba bega hili hadi lile. Kaka yake, mtu mzima mwenye magoti mabovu, alihamisha uzito mguu hadi mguu.

Kaka huyu alikuwa amekuja kwao kusalimia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alipewa mashine ya kukatia nyasi. Wakifika kwa mteja, kazi yake ilikuwa kukata. Njiani, kazi yake ilikuwa kuikumbatia mashine nyuma ya gari, maana ikilala upande oili huingia pasipotakiwa na haiwaki tena. Bustani hakutumia kamba. Nyumba za kwenda ni nyingi, alisema, na kufunga na kufungua kwenye kila geti ni kuipoteza siku. Shemeji alikuwa kamba inayojifungua yenyewe.

Ndiyo maana mkewe hakuacha kuitazama dabo kebini ya buluu, yenye viti vya nyuma, iliyoegeshwa jirani. Bodi yake ya mizigo ilikuwa fupi, mashine zingebanana zenyewe humo bila kushikwa na mtu, na kaka yake angekaa ndani, kwenye kiti, kama watu.

Bustani akailaza reki ndani ya bodi hiyo kupima. Mpini ukatokeza nje.

"Na hii reki ikae wapi?" akauliza. "Kwenye mapaja ya shemeji?"

"Na mapaja ya shemeji yakae wapi?" mkewe akamjibu.

Dalali aliona maneno yanaanza kuchacha, akawarudisha haraka kwenye pikapu nyeupe. Kebini moja, bodi ndefu, springi za kazi. Kwenye sakafu ya bodi alikuwa ameketi mwanamume aliyevaa ovaroli ya kijani. Mwosha magari aliyekuwa akimwagia maji humo alimwomba ainue miguu, naye akainua.

"Huyo anakuja na gari," alisema dalali. "Mwenyewe wa kwanza naye alikuwa wa kazi za nyasi. Huyu mfanyakazi wake akaanguka kutoka hapo nyuma, akazikwa vizuri tu, keshokutwa yake akaripoti kazini. Hali chakula, haumwi, wala hajui sikukuu."

"Halalamiki?" aliuliza Bustani.

"Aanzie wapi?"

Mke wa Bustani akasogea, akashika ukingo wa bodi. "Pole, kaka," alimwambia marehemu. "Ulianguka wapi?"

"Nishapoa, dada. Pale njia inapopinda baada ya soko. Dereva alikwepa mbuzi." Alisema bila kinyongo. "Nilikuwa nimeikumbatia mashine. Tulianguka pamoja, mimi chini, yenyewe juu."

Mke wa Bustani akageuka akayatazama magoti ya kaka yake. Kaka yake ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo, na hakuwa na kaka mwingine.

"Umesikia lakini?" akamwuliza mumewe.

"Nimesikia," alisema Bustani, akamgeukia marehemu. "Mashine je, iliumia?"

"Haikupata hata mkwaruzo," alijibu marehemu, na kwa mara ya kwanza akaonekana kufurahi.

Bustani alitikisa kichwa kwa heshima. Wafanyakazi wa namna hiyo, alisema, siku hizi hutafutwa kwa tochi.

Mkewe akaona upenyo. "Sawa, tuchukue hii. Lakini kama huyu atashika mashine, kaka atakaa mbele na sisi."

"Mashine sasa ziko mbili, mama, kila moja na mtu wake."

Kaka mtu akakohoa. "Usigombane na mumeo kwa ajili yangu," alimwambia dada yake. "Nalala kwenu, nakula kwenu. Mimi popote."

"Popote ndiko alikokaa huyu!"

"Basi sitakuwa peke yangu."

Aliwakasirikia wote: mumewe kwa ubahili wake, kaka yake kwa unyonge wake, na marehemu kwa kuwa na adabu kiasi kile. Angeendelea, lakini simu ililia tena. Mbwa wa nyumba ya kona sasa hata hasikiki. Bustani akalipa, akapokea funguo, na kabla mkewe hajafunga mkoba, mashine zilikuwa zinapakiwa.

Marehemu akasogea kumpa mwenzake nafasi. Akamwonyesha jinsi ya kupitisha mguu chini ya mpini na kubana goti kwenye ubavu wa bodi. Kaka mtu alimshukuru, akamwambia magoti yake hayajikunji vizuri. Marehemu akasema yake pia yalikuwa hivyo hivyo, ila siku hizi hayaumi.

Bustani aliendesha kama mtu anayefukuzwa. Walipita soko. Njia ilipoanza kupinda, mkewe aligeuka akachungulia kidirisha cha nyuma. Kilikuwa kimechafuka kwa tope. Aliona wanaume wawili wamekumbatia mashine mbili, wote wameegemea upande mmoja, na hakuweza kujua kaka yake ni yupi.

"Punguza mwendo!" alipiga kelele. "Nakuomba, baba, punguza!"

Bustani akakanyaga breki taratibu, gari likatulia.

"Kweli," alisema. "Ile mashine ya kushoto bado mpya."