Nani Amwambie Shangazi

"Mzee, basi! Mikono imechoka, kubali!" Baba alikuwa anafoka, kigoda cha kukamulia kakificha nyuma ya mgongo.

"Mikono yangu au yako?" Babu naye juu. "Lete kigoda changu!"

"Wiki nzima unarudi na nusu ndoo. Juzi ng'ombe kakupiga teke la kifua. Mnunuzi anakuja kesho, yamekwisha!"

Mnunuzi wa Shangazi, ng'ombe wetu wa mwisho. Babu alimwita hivyo kwa sababu bila kumwamkia kwanza hakusikilizi. Mama alikuwa anasugua sufuria, imeshang'aa zamani, anasugua tu.

Mi nilikuwa nimekaa pembeni. Shule nimemaliza, kazi sina, kutwa naota mjini. Ila kelele zile zikanirudisha utotoni, nilipokuwa nashika mkia usimchape Babu usoni. Babu analaza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, anafumba macho, anampa habari za nyumbani. Nani anaumwa. Paa linavuja wapi. Nani kafeli hesabu, yaani mimi. Maziwa yanalia chwaa, chwaa. Akinyamaza tu, ng'ombe anabana, hutoi hata tone. Povu la kwanza lilikuwa langu, kwenye kifuniko cha ndoo, la moto. Sijanywa kitu kama kile tena.

Wiki hii nimepita zizini mara nyingi. Kimya.

"Baba, si mikono," nikasema. "Babu haongei naye."

"Nyamaza, we!" Halafu akageuka. "Eti kweli, Mzee?"

Babu akakuna kidevu. "Nimwambie nini? Nikianza habari za nyumbani, si nitafika kwenye hiyo ya kesho? Sijawahi kumficha kitu."

Baba akatazama chini. Na yeye udogoni alishika mkia, wa bibi yake Shangazi.

"Kesho iko palepale, Mzee," akasema, sauti imeshuka. "Hayo magoti yako hayakuruhusu kumkatia majani tena." Akatoa kigoda.

"Najua." Babu akakipangusa kwa kiganja. "Nitamwambia tumestaafishwa wote wawili. Bora asikie kwangu kuliko kwa mwenye lori."

"Nije nishike mkia?" nikauliza.

"We na urefu huo? Mkia ndio utakushika wewe." Akacheka kidogo. "Tuache kwanza tuongee. Baadaye njoo na kifuniko."

Akachukua ndoo, akatoka, akafunga mlango taratibu.