Msomaji wa Kwanza

Ijumaa jioni, Novemba 1999, mto ulichukua kijidaraja cha magogo kwenye njia ya magharibi ya Mlima Kenya. Gatimu, kiongozi wa wapagazi, alifika Naro Moru kesho yake alfajiri, suruali ikiwa imelowa hadi mapajani, akaeleza alichokiona. Watiri, karani wa chama cha wapagazi, aliandika yote kitabuni: tarehe, saa, kina cha maji, jina la shahidi. Alipomaliza, alikumbuka kwamba chama kina ukurasa kwenye mtandao, na kwamba ukurasa huo unasema daraja ni zima. Chini ya sentensi hiyo pameandikwa: Imethibitishwa na Watiri.

Walimu kumi na mmoja wa Uholanzi walikuwa njiani kuja. Katika barua yao walisema wameuchapa ukurasa ule kwenye karatasi, na kwamba watausoma mara ya mwisho Jumapili kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Wakishatua Nairobi, gari lingewapeleka moja kwa moja hadi lango la magharibi, kisha wangepanda na kukutana na wapagazi kwenye kibanda cha juu, ng'ambo ya mto. Watiri alipiga simu kwenye shule yao. Iliita bila kujibiwa, ilikuwa Jumamosi. Yule kijana wa Nairobi aliyeutengeneza ukurasa alikuwa amechukua siku kumi na tisa, mara ya mwisho, kusahihisha tarakimu moja ya namba ya simu.

Ndiyo sababu saa nne asubuhi Watiri alikuwa Nyeri, mtaa wa Majengo, katika chumba cha ghorofa ya kwanza kinachotazamana na msikiti, kitabu kikiwa mapajani. Kagwiria, binti kutoka Chuka aliyesomea kompyuta, alikuwa anazindua kazi yake ya miezi minane: chombo cha kumwezesha mwenye ukurasa kuubadilisha mwenyewe, bila fundi. Walikuwamo watu kumi na wanne, chupa mbili za chai, sinia la mandazi na kompyuta moja, yenye waya ulioenda hadi kwenye tundu la simu ukutani.

"Nani ako na kitu ya kubadilisha leo leo?" Kagwiria aliuliza.

Watiri alisimama kabla hajamaliza kuulizwa.

Alikalishwa mbele ya kioo, na Kagwiria akaufungua ukurasa wa chama ndani ya chombo chake. Sentensi ya daraja ilikuwa pale, na kando yake kitufe kidogo kilichoandikwa Badilisha. Alikibonyeza. Sentensi ikaingia ndani ya kisanduku cheupe, ikawa kama imeandikwa kwa penseli.

"Sasa mama, futa hiyo ya zamani, uandike mpya."

Watiri aliondoa mkono kwenye kibodi. "Siwezi kufuta."

"Ni rahisi. Unabonyeza hapa."

"Nimeona ni wapi. Nimesema siwezi kufuta."

Watu wakacheka. Abdikadir, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, aliyekuwa na ukurasa wa kutangaza ngamia na ngozi, aliinua kikombe chake. "Mama, kwani hiyo daraja ulijenga wewe? Futa tu, wallahi, mandazi inapoa!"

"Wewe ukiuza ngamia mgonjwa pia unafuta?"

"Mimi? Mimi nauza tu wazima!"

"Basi nyamaza kidogo."

Kicheko kilihamia upande wake. Watiri alifungua kitabu, akakiweka juu ya kibodi. Katika ukurasa alioufungua palikuwa na makosa manne. Kila kosa lilikuwa limepigwa mstari mmoja mwembamba, maneno bado yanasomeka, na pembeni saa na herufi za jina.

"Hii ndiyo kazi nimefanya," alisema. "Miaka thelathini na moja nikipima mvua, na sasa njia za mlima. Ukikosea, hufuti. Nimeona mtu akisimamishwa kazi juu ya kufuta na raba."

"Lakini hiyo ni karatasi, mama." Kagwiria alijaribu kutabasamu kwa ajili ya wageni. "Kwa websaiti watu wanataka ukurasa safi."

"Safi ya nani? Hawa waalimu wako na karatasi inasema daraja iko. Kesho wanafungua kompyuta, inasema haiko. Wote mbili imeandikwa Watiri, na hakuna tarehe. Watajua aje ni gani ya mwisho? Mmoja atasema ile ya kwanza ndiyo kweli, mwingine atasema ni ya pili. Watabishana, halafu watafuata yenye wanapenda. Na mtu akishasafiri mbali hivyo, anapenda ile inasema daraja iko."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mtu mmoja nyuma alisema taratibu, "Lakini huyu mama anasema ukweli."

Katika miezi minane Kagwiria alikuwa amewaza jinsi ya kumwondolea mtu hofu: herufi kubwa, vitufe vitatu tu, maneno ya Kiswahili. Hakuwahi kuwaza kwamba atakuja mtu asiye na hofu yoyote, anayekataa kwa sababu anaijua kazi. Aliinama juu ya kitabu, akafuata mstari mmoja kwa kidole.

"Ni mmoja tu?"

"Mmoja. Ukipiga mbili, maneno ya chini hayasomeki."

"Na saa inakaa wapi?"

"Pembeni. Saa na jina. Halafu mpya inakuja chini yake."

Kagwiria alivuta kiti. "Nipatieni dakika arobaini. Kunyweni chai."

"Arobaini!" Abdikadir alisema. "Kwa mnada hiyo ni ng'ombe ishirini wameuzwa."

Watiri hakunywa chai. Alisimama nyuma ya bega la Kagwiria, akatazama. Kioo kilijaa maagizo ambayo hakuelewa hata neno, lakini alielewa mwendo wake: binti aliandika, akajaribu, akashindwa, akarudi mstari wa juu, akarekebisha jambo moja tu, akajaribu tena. Hakubahatisha. Katika idara ya hali ya hewa, alikofanya kazi Watiri, ilihitajika miaka sita ya barua ili safu moja iongezwe kwenye kadi ya mvua. Sasa kanuni yake, ile aliyoibeba tangu usichana, ilikuwa inaingizwa ndani ya chombo mbele ya macho yake. Alitazama saa ya mkononi. Dakika arobaini na tatu.

"Jaribu sasa, mama."

Aliandika kwa vidole viwili, kwa Kiingereza cha taarifa za hali ya hewa, kifupi na kikavu: daraja halipo, limechukuliwa na maji tarehe kumi na tisa, maji yanafika mapajani na yanapanda, msipite njia ya magharibi, tumieni ya kaskazini. Alisoma mara mbili. Alibonyeza Chapisha.

Ukurasa ukarudi. Sentensi ya zamani ilikuwa imepigwa mstari mmoja, inasomeka yote. Pembeni palikuwa na saa, sita kasoro dakika nane, na jina lake. Chini yake, mpya.

Watu wakapiga makofi. Watiri hakupiga.

"Hii naona iko hapa kwa kioo," alisema. "Nitajuaje iko huko?"

"Mama, nimekuambia, imeenda."

"Umeniambia. Mimi sijaona."

Ni Abdikadir aliyeweka kikombe chini. "Niko na mtoto wa dada yangu London, Samatar. Ako na hii kompyuta kwa nyumba, na laini yake kando na ya simu. Tumpigie."

"Simu ni hiyo moja tu," Kagwiria alisema. "Lazima nitoe kompyuta kwa laini."

Aliuchomoa waya ukutani, akachomeka simu. Watiri alishika ncha ya waya uliokuwa unaning'inia, akaugeuza kama mtu anayekagua risiti.

"Sasa kompyuta haijashikana na kitu?"

"Na kitu chochote. Imekatika."

"Sawa. Pigeni."

Opereta alichukua muda. Hatimaye sauti ya usingizi ikasikika, na Abdikadir akaanza kuitukana kwa upendo. "Huko ni saa tatu asubuhi na bado umelala? Samatar, amka, washa kompyuta! Ndiyo, sasa! Andika yenye nakuambia!" Alimtajia anwani herufi kwa herufi, Kagwiria akimsahihisha. Kisha akamwambia kuna mama anataka kusomewa, akamkabidhi Watiri simu.

Kwanza alisikia mvumo, kama upepo katika chupa. Kisha vidole vikigonga. Kisha kimya kirefu, kiasi kwamba alidhani laini imekufa.

"Shikamoo, mama. Imefunguka," sauti ilisema. "Nisome?"

"Marahaba. Soma yote."

Samatar alisoma. Alisoma kwanza sentensi ya zamani: daraja ni zima. "Hii imepigwa mstari, mama. Hapa kando kuna saa, sita kasoro dakika nane, na jina, Watiri." Kisha akasoma mpya, neno kwa neno, tarehe kumi na tisa, maji mapajani, yanapanda.

Watiri alitazama kioo. Kompyuta ilikuwa imekatwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameushika waya. Kwa hiyo maneno yale hayakuwa yakitoka chumbani. Yalikuwa yamesimama mahali pengine, kwa nguvu zao, na mtu asiyemjua, katika mji asiouona, alikuwa anayatazama wakati huu huu. Kila mwezi kwa miaka thelathini na moja alikuwa ametuma kadi Nairobi kwa posta, tarakimu thelathini kwa kadi, na hakuwahi kukutana na mtu aliyesoma hata moja. Alikaa.

"Mama, uko hapo?"

"Niko. Soma tena. Pole pole."

Chumba kizima kilisikiliza uso wake, kwa kuwa simu hawakuisikia. Hata Abdikadir hakukumbusha kwamba dakika za London zinalipiwa.

Siku ya Jumapili Watiri alienda kanisani na hakusikia mahubiri. Kwamba ukurasa unasomeka, hilo alikuwa na ushahidi wake. Kwamba walimu wameusoma, hakuwa nao.

Jumatatu saa mbili asubuhi alipigiwa simu kwenye duka lililo jirani na ofisi ya chama. Alikuwa Kagwiria, sauti imempanda.

"Mama, waalimu wameandika kupitia ukurasa! Imeingia jana jioni. Nikusomee?" Hakungoja. "Wanasema, tumeona mstari, tumeona saa, tumeelewa. Hatutapita magharibi. Halafu wanauliza, hiyo njia ya kaskazini iko aje? Wanasema gari waliambia isiende mlimani leo. Watalala Nairobi, watafute kompyuta jioni, wakusome kwanza."

"Wanisome?"

"Ndiyo wameandika hivyo. Watu wote kumi na mmoja, mama. Wanangoja wewe."

Watiri alishusha simu taratibu, akatoka nje. Juu ya paa la duka mlima ulikuwa wazi, jambo la nadra Novemba, theluji yake ikiwaka upande mmoja. Watu kumi na mmoja walikuwa hewani, na wangelala mjini usiku mzima kwa sababu ya sentensi ambayo yeye hajaiandika bado. Na njia ya kaskazini hakuwa na habari nayo tangu Alhamisi.

Gatimu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha ofisi, akifunga viatu.

"Enda kaskazini," Watiri alimwambia. "Enda sasa, na gari. Ufike pale mito miwili inapita, usimame, uangalie."

"Si nilikuwa huko wiki jana? Kulikuwa sawa tu."

"Wiki jana si leo. Pima maji na fimbo, uandike saa. Halafu unipigie Nyeri, kwa Kagwiria. Nitakuwa hapo saa tisa."

Gatimu alimtazama, akataka kutania, akaona uso wake, akaacha. Aliinuka, akachukua fimbo iliyoegemea mlangoni na kuelekea barabarani.