Nyumba Isiyo na Mlango

Mzee Tak Bong-gil alikuwa na ombi moja tu: atolewe wodini kwa siku moja, Jumamosi, akahudhurie ibada ya siku ya arobaini na tisa tangu mkewe afariki. Siku hiyo ndiyo marehemu huaga moja kwa moja, na ikipita imepita. Daktari akasema atasubiri kwanza ripoti ya mwalimu wa michoro.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Ok Nari, mwanafunzi wa uzamili, aliyeletwa kwenye wodi hiyo ya wagonjwa wa akili mjini Tongyeong ajifunze kutibu kwa sanaa. Alibakiza ripoti moja tu afuzu. Akampa mzee karatasi na penseli, akamwambia achore nyumba, kama walivyofundishwa.

Mzee alichora taratibu, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Akaweka paa, dirisha dogo, bomba la moshi. Mlango hakuweka.

Moyo wa Nari ukadunda, tena si kwa huruma. Kitabu kilisema wazi: nyumba isiyo na mlango ni mtu aliyejifungia, wa kuchungwa asije akajidhuru. Akaandika kurasa nne bila kuinua kichwa. Profesa Maeng, msimamizi wake, bahili wa sifa kuliko watu wote, alitamka mbele ya wenzake, "Huyu binti ana jicho." Basi Nari akavimba kichwa wiki nzima.

Daktari naye alizisoma zile kurasa, akakataa ruhusa. Jumamosi mzee alivaa suti yake nyeusi tangu alfajiri, akakaa kitandani akiutazama mlango wa wodi mpaka chakula cha jioni kikaletwa. Chakula hakukigusa.

Jumatatu Nari alimkuta na suruali ileile, imejikunja magotini. Hapo ndipo alipokumbuka kuuliza.

"Baba, samahani. Mbona nyumba yako haina mlango?"

"Haina? Nani kasema?" Mzee alishangaa kwelikweli. "Uko nyuma, unatazama bahari. Mama watoto alikuwa anapitia huko na ndoo zake za chaza. Mimi nimekuchorea upande wa barabarani."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Kwani uliniuliza, mwalimu?"

Nari aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Mzee akaivuta karatasi. Katikati ya ukuta wa mbele akachora mlango mkubwa, na kitasa chake, akausogeza mchoro mbele ya Nari.

"Ungesema tu kwamba unataka mlango, mwanangu," alisema kwa upole. "Ningekuchorea hata mitatu."