Kitambaa cha Kijani

"Mashine ilikuwa inanguruma vizuri tu mpaka ulipoitia mkono wako, Waya! Leo imekufa, halafu unaniambia nisubiri?"

"Nimekwambia acha niipime kwanza, jirani. Kelele haziwashi kompyuta."

"Kelele? Jamani, mnamsikia? Aniulie kazi yeye, mwenye kelele niwe mimi!"

Milango ya ghorofa ile ikafunguka mmoja baada ya mwingine, maana katika nyumba hiyo ugomvi haukosi mashahidi. Aliyekuwa akifoka alikuwa mpiga picha wa harusi. Walimbandika jina la Bwana Harusi kwa kumcheka tu: kawaoza watu mji mzima kwa kamera yake, mwenyewe hata mchumba hana. Video zote alizihifadhi kwenye seva moja sebuleni kwake, nzito kama jiwe la kusagia. Ilikuwa na prosesa moja, ule ubongo wa kompyuta. Jana fundi Waya, wa mlango wa mkabala, akaiongezea ya pili ili iende mbio. Leo ukiiwasha feni zinavuma, taa nyekundu inakodoa, kioo cheusi tii. Na wazazi wa bibi harusi mmoja wanapiga simu tangu asubuhi, wanadai video yao.

Matusi Waya hakuyaogopa. Mtaa ulimlea kwa hayo. Aliyemtia baridi alikuwa yule dada aliyeegemea ngazi, mikono kifuani: muuguzi mkuu wa zahanati ya ng'ambo ya barabara, mkaazi wa ghorofa ya juu. Alikuwa ameahidi kumkabidhi kompyuta zote za zahanati kuanzia Jumatatu. Kazi ya kudumu, ya kwanza tangu Waya ashike bisibisi.

"Ifungue hapahapa, mbele za watu," Bwana Harusi akasema. "Tuone ulichoniwekea."

"Labda kaweka ya redio!" sauti ikarushwa kutoka nyuma, na korido nzima ikaangua kicheko.

Waya akaisogeza meza mlangoni. Akaitoa prosesa mpya, akawasha. Seva ikaamka na ile ya zamani. Akazima, akaitoa ya zamani, akaiweka mpya mahali pake. Seva ikaamka tena.

"Mmeona? Prosesa zote mbili nzima. Ugonjwa uko hapa, kwenye soketi ya pili, pale mpya ilipokuwa imekaa."

Watu wakaguna. Hata muuguzi akasogea. Waya akajisikia mwepesi, akainama na tochi na lenzi yake. Soketi ile ina vijipini vyembamba kuliko nywele, vyote hulala upande mmoja. Kwenye kona vilikuwa vimelaliana kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe, na katikati yake umenasa uzi mfupi, wa kijani.

Hapo ndipo alipokumbuka. Jana alikifungua kifuniko cha soketi, kisha akashuka dukani kufuata pesti ya joto, ile ya kupaka juu ya prosesa isiungue. Aliporudi meza ilikuwa inang'aa, na mama yake Bwana Harusi amesimama pembeni na kitambaa chake cha kijani, anatabasamu. Mama yule alipangusa kila kilichokaa mbele yake: vitasa, majani ya maua, pua za watoto wa watu. Wapangaji walisema hata malaika wa kifo akimjia, atapanguswa viatu kwanza. Waya alimshukuru, akaipachika prosesa bila kutazama chini.

Sasa mama yuko jikoni, sufuria zinagongana, hajui hili wala lile. Waya hakutaka kumwaibisha.

"Njoo utazame mwenyewe," akamnong'oneza Bwana Harusi. "Hakuna aliyekusudia. Uone huo uzi."

Bwana Harusi akainama. Akakaa na lenzi kitambo, na Waya akaona shingo yake inavyokakamaa. Kile kitambaa alikinunua yeye mwenyewe. Kisha akabana midomo, akapuliza. Fuu! Uzi ukaruka, ukapotea.

"Uzi gani?" akauliza kwa sauti, hata wa ghorofa ya chini kabisa wakasikia. Halafu, mdomo sikioni: "Mtaje mama yangu uone. Kati yako na yeye, nani ataaminiwa?"

Muuguzi akaichukua lenzi. "Vimepinda kweli. Prosesa iliwekwa na nani?"

"Mimi, dada, lakini..."

"Kuna mwingine aliyegusa?"

Waya aliiona Jumatatu inampita. "Mama alipangusa meza. Nadhani kitambaa kiliingia humo."

Korido ikalipuka.

"Ala! Sasa anamsingizia bibi wa watu!"

"Mkono mbovu ni wake, lawama za ajuza! Huna haya, Waya?"

"Atasema na paka alishika bisibisi!"

Muuguzi akamrudishia lenzi taratibu. "Kuharibu ningekusamehe, kaka, chuma hakina roho. Lakini kumsukumia mzee kosa lako? Kwangu kuna wagonjwa. Jumatatu usije."

Akapanda ngazi. Wengine wakatawanyika wakichekelea, mmoja akipiga mluzi. Bwana Harusi tayari alikuwa anashuka ngazi, simu sikioni: "Shikamoo, mzee. Ndiyo, video imechelewa... fundi kaniharibia. Huyohuyo Waya, mwonye na jirani yako."

Waya akabaki akikusanya bisibisi zake sakafuni, hakuna hata aliyemshikia tochi. Mlango wa jikoni ukafunguka, harufu ya mchuzi ikamtangulia mama.

"Kumbe uko peke yako! Huyu mwanangu anakufanyisha kazi na njaa?" Akavuta kiti, akakitoa kitambaa cha kijani begani, akakipangusa kiti mara mbili, kwa upendo. "Ingia ukae, baba. Chakula kiko tayari."