Mgao wa Mwezi wa Tatu

Dishi la parokia lilifungwa nyuma ya nyumba ya mapadre mwaka 2003, likatazama mbingu juu ya mashamba ya ulezi, na tangu siku hiyo Leonsi akawa mtu wa kuogopwa kijijini. Zamani alikuwa karani tu, mwandika vyeti vya ubatizo. Sasa alishika ufunguo wa chumba cha intaneti, na kila mwenye mtoto mbali alimwamkia mara mbili.

Ukali wake ulikuwa na sababu. Wenye satelaiti walitoa mgao, kiasi fulani kwa mwezi, na ukiisha kabla ya tarehe mosi laini inabanwa. Barua ya mistari mitatu itapita kwa kusuasua; kitu kizito kitakatika njiani. Na hapo hujataja mawingu, maana mvua za Ufipa zikikaza dishi linabaki kuwa sufuria tu. Kwa hiyo Leonsi aliandika mlangoni kwa kalamu nene: PICHA HAPANA. Watu walimletea barua kwenye karatasi, akazichapa mwenyewe, akapunguza maneno. Salamu za majirani alizifyeka zote akaweka "wote wazima," hata pale ambapo si wote walikuwa wazima.

Tarehe ishirini na nne Machi, mwaka uliofuata, Dominika alikuja ofisini na matope mpaka magotini.

"Baba Angela," alimwambia Leonsi, akimwita kwa jina la mwanawe, "mgonjwa wangu haifikii Pasaka."

Mgonjwa ni mumewe, Mzee Urbano. Ini lilikuwa limekwisha, na daktari mjini alimrudisha nyumbani kwa maneno ya upole. Lakini lililomkosesha Dominika usingizi lilikuwa jingine, na kijiji kizima kililijua. Mtoto wao Fransisko alikuwa ameacha seminari akiwa karibu kumaliza, akapata nafasi ya kusomea uhandisi Uhindi. Asubuhi ya safari alisimama mlangoni na begi, akasema, "Shikamoo, baba." Urbano alikuwa anapukuchua mahindi. Aliendelea kupukuchua. Kijana alirudia mara tatu, kisha akaenda zake bila kuitikiwa.

Kifipa ndicho walichozungumza nyumbani, lakini shikamoo Urbano aliidai kwa Kiswahili, kama mapadre walivyomfundisha, na mtoto ambaye shikamoo yake haijaitikiwa katika ukoo ule hana baba. Hashiki jembe la kaburi wala halii msibani mbele ya watu. Mwaka mzima Fransisko alituma shikamoo kwa barua. Leonsi alizichapisha na kumsomea mzee, na mzee alijibu vilevile kila mara: "Hiyo ni sauti yako, karani. Mimi sina ugomvi na wewe."

"Nataka sauti yake mwenyewe," Dominika alisema. "Uliniambia mashine inaweza kuleta sauti."

Simu za mkononi zilikuwa mjini tu. Huku mtandao wa simu haukunusa, na barabara ya Machi si ya kumpandisha mgonjwa. Leonsi alisema inawezekana. Aliandika mistari miwili kwa Fransisko, akaituma, na mama alipoondoka alikaa akiitazama kompyuta kwa moyo mzito. Alijua jambo ambalo Dominika hakulijua.

Siku mbili kabla ya hapo, padre mgeni aliyekuja Pasaka iliyopita alikuwa amemtumia nyimbo za kwaya alizorekodi siku ile. Katika kwaya ile alikuwemo Redempta, mke wa Leonsi, aliyefariki Septemba. Leonsi alifunga mlango wenye maandishi PICHA HAPANA, akazivuta nyimbo zote ziingie kwenye kompyuta, mchana kutwa. Alimsikia mkewe. Alisikiliza mpaka akalala juu ya meza. Mgao wa wiki nzima ulikwenda hapo, na aliona aibu, lakini hakujuta.

Tarehe ishirini na sita jibu la Fransisko lilifika na sauti ndani yake. Kijana hakujua mambo ya kuibana sauti iwe nyepesi, aliirekodi na kuituma ilivyo, nzito kama gunia. Leonsi alianza kuvuta saa tatu asubuhi. Wingu lilipanda kutoka upande wa ziwa, taa ya kijani ikazima, ikawaka, ikazima. Saa sita mstari wa kuonyesha kilichokwisha fika uligota kabla ya nusu, likatokea tangazo la Kiingereza: mgao umekwisha, laini itafunguliwa tarehe mosi.

Siku sita. Urbano hakuwa na siku sita.

Hapo Leonsi alifanya jambo ambalo mtu wa mjini angelicheka. Kwa akili yake mgao ulikuwa kihenge: kilichojaa, ukitoa gunia, pana nafasi. Alizitafuta nyimbo za kwaya. Aliweka kidole, akakiondoa, akafanya ishara ya msalaba, kisha akazifuta. Akaifuta na barua iliyozileta, akafuta hata kwenye pipa la takataka, pasibaki kitu cha Redempta kinachokalia nafasi ya mtu anayekufa. Hakuwahi hata kuzirekodi kwenye kaseti.

Alivuta tena. Tangazo likarudi, neno kwa neno. Akalisoma polepole akitumia kamusi, na ndipo alipoelewa kwamba mgao ni kama maji uliyokwisha kunywa. Hakuna cha kurudisha.

Alitembea mpaka kwa Dominika, mvua ikimpiga, akamkuta jikoni anakoroga uji wa ulezi.

"Mama Fransisko, mgao nimeumaliza mimi," alisema, na akamweleza yote bila kujitetea.

Dominika alikoroga uji muda mrefu kuliko uji ulivyohitaji. Hasira ilimpanda, Leonsi aliiona shingoni, kisha ikashuka.

"Ulimsikia?" aliuliza.

"Nilimsikia."

"Aliimba vizuri?"

"Alikuwa anawatangulia wenzake, kama kawaida yake."

Dominika aliitikia kwa kichwa. Akaepua sufuria. "Na hicho kipande cha mwanangu kilichofika, kinasema nini?"

Leonsi hakuwa amekisikiliza. Alikuwa ameshughulika na kilichokosekana tu.

Walikwenda ofisini pamoja wamejifunika nailoni moja. Kipande kilikuwa cha sekunde thelathini hivi. Sauti ya Fransisko ilisema, "Shikamoo, baba." Kisha kimya. Mbali zilisikika honi za magari, na pumzi ya mtu. Kisha kikakatika.

"Hamna msamaha humu," Leonsi alisema kwa uchungu. "Hamna kitu."

"Leta redio yako ya kaseti," alisema Dominika. Wakakirekodi kipande kile kwenye kaseti, redio ikiwa imesogezwa karibu na kompyuta.

Jua lilikuwa halijazama walipoingia chumbani kwa Urbano. Macho yake yalikuwa ya njano na mikono imekonda mpaka rozari ilimpwaya. Leonsi alimwamkia, akaitikiwa, akaweka redio kwenye kigoda karibu na mto.

"Shikamoo, baba."

Urbano hakugeuka. Honi za Uhindi zililia kwenye nyumba ya bati, pumzi ikasikika, kaseti ikafika mwisho wake. Leonsi alinyoosha mkono kuzima.

"Rudisha," mzee alisema.

Leonsi alirudisha. "Shikamoo, baba." Kimya kikaja tena, na ndani ya kimya kile Urbano aliinua kichwa kidogo kutoka kwenye mto.

"Marahaba, Fransisko," alisema. "Marahaba, mwanangu."

Dominika alitoka nje, akalia kwa sauti, na majirani walidhani mzee amekufa. Alikufa siku tatu baadaye, na jembe la Fransisko lilishikwa kaburini na baba yake mdogo kwa niaba yake, bila mtu kuuliza.

Leonsi alikuwa amemwandikia padre mgeni kuomba tena zile nyimbo. Jibu lilikuja la mistari miwili: hakubakiza nakala, alidhani Leonsi atazitunza. Leonsi aliichapisha barua hiyo, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu cha ubatizo.

Tarehe mosi Aprili laini ilifunguka. Dominika alikaa kwenye benchi na kanga yake nyeusi, na Leonsi akaivuta sauti yote, kuanzia mwanzo. Mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu. Sauti ilifika nzima.

"Shikamoo, baba," alisema Fransisko. Kikafuata kile kimya, honi, pumzi. Walidhani kitakatika palepale tena, lakini kiliendelea, kirefu, kama mtu aliyesimama mlangoni na begi akingoja kwa heshima mpaka baba amalize kupukuchua.

Kisha sauti ikasema, "Asante, baba."